Pikipiki ya safari ndefu inapozimika ghafla: namna ya kutafuta hitilafu ya injini na umeme

Pikipiki kubwa ya safari inapozimika ghafla barabarani, ushahidi bora kuliko wote hupatikana katika sekunde chache za mwanzo, wakati mashine bado inaserereka na mwendeshaji hajagusa kitu. Ushahidi huo ndio unaopotea upesi, kwa sababu mkono wa mtu aliyeshtuka huenda moja kwa moja kwenye kitufe cha stata. Na stata ikishazungushwa mara nyingi bila mafanikio, betri iliyokuwa nzima huwa imechoka, plagi zimelowa petroli, na hitilafu moja imezaa mbili. Mwongozo huu ni wa mwenye pikipiki ya cc 600 hivi kwenda juu, ya injekta au ya kabureta, anayesafiri mbali na karakana akiwa na spana zake, multimita (kipimo cha umeme) ya bei ya kawaida, taa ndogo ya kupimia na subira. Kanuni inayouongoza ni moja: kipuri hakinunuliwi mpaka kipimo kimekitaja.

Jambo la kwanza ni usalama wako mwenyewe. Vuta klachi mara injini inapokata ili gurudumu la nyuma liendelee kuzunguka, tumia mwendo uliobaki kutoka kabisa barabarani, kisha weka pembetatu ya kuakisi nyuma yako kwa umbali unaomtosha dereva wa lori kupunguza mwendo. Mahali pa kusimama nako kuna uzito wake. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kwa mfano, inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilometa 50, na huko kuchuchumaa kando ya pikipiki ukitafuta waya uliokatika si kazi ya kuifanya peke yako. Ni afadhali kusimamisha gari linalopita, hata kama unajua hitilafu ilipo.

Kuna aina moja ya kuzimika ambayo haihusu mwongozo huu, nayo isichanganywe na nyingine. Ikiwa injini ilikufa kwa mlio wa chuma, au gurudumu la nyuma lilijifunga mpaka ulipovuta klachi, au taa ya oili iliwaka kabla ya yote, usibonyeze stata hata mara moja. Angalia kiwango cha oili, ingiza gia ya juu kabisa, kisha sukuma pikipiki taratibu ili injini izunguke kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini, bila kugota mahali, unaweza kuendelea na uchunguzi wa umeme na mafuta. Ikigoma, safari imeishia hapo, na kinachotafutwa ni gari la kuibeba.

Injini ilikufaje?

Kabla ya kuzima swichi ya funguo, itazame dashibodi. Injini hufa kwa namna tatu, na kila namna inakuondolea zaidi ya nusu ya vitu ambavyo ungevishuku.

Namna ya kwanza ni giza. Dashibodi, taa, honi na injini hukatika kwa pamoja. Hapo usishuku plagi, wala koili ya cheche, wala mafuta, kwa kuwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye uwezo wa kuzima taa ya breki. Kilichokatika kipo kwenye njia kuu ya umeme: vichwa vya betri, waya wa arthi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye fremu na injini, fyuzi kuu (ampea 30 katika pikipiki nyingi za Kijapani), swichi ya funguo, au betri yenyewe iliyokatika ndani. Fungua kiti, shika kila waya mnene ulipofungwa kwenye betri na ujaribu kuuzungusha kwa vidole. Boliti za betri ya pikipiki ni ndogo, na barabara ya changarawe yenye matuta madogo ya kutikisa hulegeza haraka ile iliyokazwa bila makini. Uzoefu wa mafundi wengi ni kwamba hitilafu ya giza huishia hapa kwenye boliti mara nyingi kuliko mahali pengine popote, jambo ambalo wenye pikipiki za bei kubwa huona tabu kuliamini.

Namna ya pili ni kukata kwa usafi. Dashibodi inaendelea kuwaka, taa ziko vilevile, lakini injini imekoma papo hapo, kama vile mtu amegusa swichi. Fikiria idadi ya silinda. Pikipiki yenye silinda mbili au nne haizimiki kwa mkupuo mmoja kwa sababu ya plagi moja iliyoharibika. Ingebaki ikitetemeka na kuvuta kwa udhaifu. Silinda zote zikikoma kwa pamoja, kosa liko mahali ambapo njia zao bado hazijagawanyika: swichi nyekundu ya kuzimia injini, swichi ya stendi ya pembeni, sensa ya kuanguka, sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa mhimili wa injini), rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kompyuta ya injini, au fyuzi inayolisha vitu hivyo.

Namna ya tatu ni kukohoa. Injini inapoteza nguvu, inarusharusha, inapata nafuu kidogo ukipunguza mafuta, kisha inakufa. Hapa kuna njia panda moja, na taa ndizo zinazoonyesha njia. Kama taa zilibaki angavu na dashibodi haikuonyesha wasiwasi wowote, elekea kwenye mafuta. Kama taa zilififia, indiketa zikaanza kuwaka kwa uvivu, taa ya ABS ikawaka bila sababu au mishale ya dashibodi ikajirusha na kurudi sifuri, basi mfumo wa chaji ulikuwa umekufa muda mrefu kabla ya injini, na pikipiki ilikuwa ikila akiba ya betri mpaka ikaisha.

Swichi zinazozima injini kwa makusudi

Watengenezaji wameweka swichi kadhaa ambazo kazi yake ni kuizima injini, na kila moja inaweza kuizima bila kuagizwa. Swichi nyekundu ya mkono wa kulia iwashe na kuizima mara kumi hivi. Mguso wake wa ndani hujaa vumbi na oksidi, na kuisugua kwa namna hiyo mara nyingine huirudishia uhai. Swichi ya stendi ina dalili yake ya pekee: injini inawaka vizuri ikiwa haina gia, lakini inakufa mara tu unapoingiza gia ya kwanza ingawa stendi imeinuliwa. Iangalie kwa macho, kwani iko chini kabisa, njiani mwa mawe na tope, na springi ya stendi iliyolegea huiacha ikining'inia nusu. Kama ulianguka, hata kama uliangushwa umesimama, zima funguo na uwashe tena, kwa sababu katika pikipiki nyingi sensa ya kuanguka hukata mafuta na cheche mpaka funguo izungushwe upya.

Mfumo wa kuzuia wizi unaosoma chipu ya funguo hushukiwa kupita kiasi. Kwa kawaida mfumo huo huzuia injini kuwaka. Hauizimi ikiwa inakimbia. Ukikuta taa yake haizimiki baada ya kuwasha, tenga funguo yako na funguo nyingine zenye chipu, jaribu funguo ya akiba, kisha endelea na mambo mengine.

Mafuta kwanza, kwa kuwa ni rahisi

Tikisa tanki usikilize. Ushauri huu unaonekana wa kitoto, lakini kipimo cha mafuta nacho ni kifaa cha umeme, na huharibika. Kisha fungua kifuniko cha tanki: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na injini ikawaka baada ya hapo, tundu la kupumulia limeziba kwa vumbi au bomba lake limebanwa na mzigo, na pampu ilikuwa ikivuta dhidi ya ombwe.

Katika pikipiki ya injekta, washa funguo bila kubonyeza stata na usikilize pampu ikinguruma kwa sekunde mbili au tatu. Ukimya haumaanishi kwamba pampu imekufa. Unamaanisha haijazunguka, nayo huweza kunyamaza kwa sababu ya swichi nyekundu, fyuzi, rilei, au soketi iliyolegea chini ya tanki. Rilei huhukumiwa kwa kubadilishana: katika pikipiki nyingi ziko kadhaa za namna moja kwenye kisanduku kilekile, kwa hiyo chukua ya taa au ya feni na uiweke mahali pa ile ya pampu. Kama bado ni kimya, chomoa soketi ya pampu, iguse kwa taa ya kupimia na umwambie mwenzako awashe funguo. Taa ikiwaka kwa zile sekunde chache, umeme unafika na pampu ndiyo mgonjwa. Isipowaka, pampu haina hatia na unarudi nyuma kwenye nyaya.

Ni vyema kujua udhaifu wa aina ya pikipiki uliyonayo kabla ya safari. Honda XRV750 Africa Twin ina pampu ya umeme ambayo miguso yake ya ndani huungua kadiri miaka inavyokwenda, na wenye nazo wanajua kuigonga kidogo ili iamke. BMW R1200GS za miaka ya mwanzo zinafahamika kwa kidhibiti cha pampu kinachokaa juu ya tanki na ambacho maji hukiharibu. Wasafiri wengi hubeba waya mfupi wa kukiruka ili pampu ipate umeme moja kwa moja. Pikipiki nyingine zina udhaifu wa namna hiyo, na saa moja ya kuuliza wenye pikipiki kama yako kabla ya kuondoka ni bora kuliko mfuko wa vipuri vya kubahatisha.

Pampu ikinguruma vizuri, pima cheche. Toa plagi, ivishe kofia yake, na uhakikishe chuma chake kimegusana imara na chuma cha injini kabla ya kubonyeza stata, mbali na tundu la plagi na mbali na mafuta yoyote yaliyomwagika. Usiiache plagi ikielea hewani bila arthi, kwa sababu volti zinazokosa njia zinaweza kutoboa koili au kuua kompyuta ya injini, ambayo bei yake inaweza kukufanya uuze pikipiki. Cheche ya buluu yenye mlio inatosha. Cheche ikikosekana kwenye silinda zote, tazama mshale wa mizunguko wakati stata inazungusha: katika pikipiki nyingi mshale huo hupata habari zake kutoka sensa ya kranki, kwa hiyo ukilala sifuri kabisa, sensa hiyo au waya wake ndio wa kushukiwa kwanza.

Betri, koili za chaji na rektifaya

Hapa ndipo safari nyingi huvunjikia, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu betri hufa kwa kosa la koili za chaji (zinazozalisha umeme injini inapozunguka), koili huunguzwa na rektifaya (kifaa kinachougeuza umeme huo uwe wa betri na kudhibiti volti zake), na rektifaya huharibiwa na soketi iliyoungua. Anayebadilisha betri pekee hununua kilometa mia moja au mbili tu za amani.

Anza na betri ikiwa imetulia na vyote vimezimwa. Betri ya asidi yenye chaji kamili husoma karibu volti 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.2 imebaki na takribani nusu. Chini ya 12.0 ni tupu kwa matumizi yetu. Betri hiyo ina seli sita, kila moja ikitoa kama volti 2.1, kwa hiyo namba inayosimama kwenye 10.5 hata baada ya kuchaji usiku kucha inasema seli moja imekufa, na hakuna chaja itakayoifufua. Kisha tazama multimita huku stata ikizungushwa. Volti zikishuka chini ya 9.5 hivi, betri haiwezi mzigo, ingawa ilisoma vizuri ilipokuwa imepumzika. Betri iliyokatika ndani inaweza kusoma 12.5 kwa utulivu kamili na kuanguka hadi 3 mara unapodai umeme.

Injini ikiwaka, pima tena kwenye vichwa vya betri. Kwenye mizunguko 4,000 hadi 5,000 kwa dakika mfumo mzima unatakiwa usome kati ya volti 13.8 na 14.5. Ukisoma 12.4 na namba inashuka polepole, hakuna chaji inayofika. Ukisoma zaidi ya 15, rektifaya imeacha kudhibiti, na betri inachemshwa. Zima kabla haijaanza kutoa harufu ya asidi, kwa sababu balbu na kompyuta navyo vinapokea volti hizohizo.

Kama chaji haifiki, tafuta soketi yenye nyaya tatu za rangi moja, mara nyingi za njano, zinazotoka kwenye kifuniko cha injini kwenda kwenye rektifaya. Itazame kabla ya kuipima. Plastiki iliyobadilika kahawia au kuyeyuka ni jibu tosha, maana mguso uliolegea huzalisha joto, joto huzidisha ukinzani, na ukinzani huzidisha joto tena mpaka waya mmoja unakatika. Ikiwa soketi ni safi, ichomoe, weka multimita kwenye umeme wa mkondo geu (AC), washa injini, na upime nyaya mbili mbili: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Namba zote tatu ziwe karibu sawa na zipande pamoja na mizunguko. Katika pikipiki nyingi hufika volti 50 hadi 70 kwenye mizunguko 5,000. Ulingano wa namba hizo tatu ni muhimu kuliko ukubwa wake. Mbili zikisoma 60 na moja 20, koili imeungua. Zima injini, hamia kwenye omu: kati ya waya na waya ukinzani uwe mdogo sana, kwa kawaida chini ya omu moja au mbili, na kati ya waya wowote na chuma cha injini kusiwe na njia kabisa. Ikiwepo, koili imevuja kwenye arthi na inabadilishwa, iwe vipimo vyake vingine ni vizuri au la.

Koili zikiwa nzima na chaji haifiki, rektifaya inabaki mshukiwa, lakini mpe nafasi ya mwisho ya kujitetea kwa kupima njia yake. Injini ikiwa inazunguka na taa zimewashwa, weka ncha moja ya multimita kwenye waya wa chanya unaotoka kwenye rektifaya na nyingine kwenye chanya ya betri. Tofauti isizidi volti 0.2 hadi 0.3. Fanya hivyo upande wa hasi pia. Ukikuta volti moja nzima imepotea njiani, rektifaya inatengeneza umeme mzuri ambao haufiki, na kuibadilisha hakutasaidia kitu.

Rektifaya za kawaida za pikipiki zenye sumaku za kudumu hudhibiti volti kwa kufunga koili kwenye njia fupi pale umeme unapozidi, kwa hiyo koili hufanya kazi kwa nguvu karibu zote wakati wote, uwe umewasha taa nyingi au chache. Ndiyo maana kubadilisha taa zote kuwa za LED hakuipumzishi koili wala rektifaya ya aina hiyo, kinyume cha wanavyoamini wengi. Kuna rektifaya za aina nyingine, kama Shindengen SH847, ambazo hukata njia badala ya kuifunga, na wasafiri waliochoka kuunguza koili huhamia huko. Pia si kila pikipiki ina koili za namna hii. BMW za silinda mbili zilizolala zilitumia alteneta yenye rota (sehemu yake inayozunguka) inayopewa umeme kupitia brashi, na katika zile za zamani zinazopozwa na hewa, umeme wa kuiamsha rota hupitia balbu ya taa ya chaji kwenye dashibodi, hivyo balbu hiyo ikiungua alteneta nzima inaweza kushindwa kuamka. Kwa mwenye Honda Gold Wing GL1200 habari ni mbaya zaidi, kwa kuwa koili za chaji ziko nyuma ya injini na kuzifikia kunadai kuitoa injini kwenye fremu. Huyo apime mara mbili kabla ya kuamua.

Nyaya, fyuzi na vitu vilivyoongezwa

Multimita ina udanganyifu mmoja. Yenyewe hailazimishi mkondo kupita, kwa hiyo waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja bado utasoma volti 12 kamili, kisha ukishindwa kuwasha hata feni. Kwa sababu hiyo taa ya kupimia yenye balbu ya wati 21, ile ya indiketa, ni shahidi mkweli zaidi kwenye nyaya: inadai karibu ampea mbili, na waya usioweza kuzitoa huiacha ikiwaka kwa wekundu hafifu.

Balbu hiyohiyo inatatua tatizo linalowatesa wengi, yaani fyuzi inayokatika kila inapowekwa mpya. Badala ya kupoteza fyuzi zote, au kufanya kosa la kuweka waya mahali pa fyuzi na kuunguza fungu zima la nyaya, unganisha balbu kwenye miguu miwili ya tundu la fyuzi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Sasa zungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, tikisa fungu la nyaya chini ya tanki na karibu na mkia, chomoa kifaa kimoja baada ya kingine. Mahali ambapo balbu inafifia ghafla au kuzima ndipo waya uliochubuka unapogusa fremu. Anza shingoni mwa usukani, kwa kuwa nyaya za hapo hukunjwa kila kona unayokata, na mpira wake unaweza kuwa mzima huku shaba ya ndani imekatika.

Ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, una adui wake: chumvi. Ganda la kijani kwenye miguso, na mara nyingine ndani ya waya wenyewe chini ya mpira, huongeza ukinzani kimya kimya kwa miezi. Adui mwingine ni mashine ya kuoshea magari kwa presha, ambayo husukuma maji ndani ya soketi zilizotengenezwa kuhimili mvua tu. Pikipiki iliyozimika siku moja au mbili baada ya kuoshwa hivyo ichomolewe soketi zake, zipulizwe, zikaushwe juani, na zirudishwe zikiwa na grisi ya umeme.

Halafu kuna vitu vilivyoongezwa. Taa za ziada, chaja ya simu, alamu na kifaa cha kufuatilia pikipiki hufungwa mara nyingi kwa kumenya waya wa kiwandani, kuusokota na wa nje, na kuviringisha tepu. Mafundi wa alamu hupenda kukata waya wa swichi ya funguo au wa pampu ili kifaa chao kiweze kuzima injini, na muungano huo ukilegea, injini inakata kwa usafi ule ule wa namna ya pili. Pikipiki yenye alamu ya kufungwa mtaani na hitilafu isiyoeleweka, mimi huanza na alamu: irukwe, waya wa kiwandani urudishwe ulivyokuwa, kisha uchunguzi uendelee kama bado kuna cha kuchunguza.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Hitilafu ngumu kuliko zote ni ile inayoponyoka. Injini inakufa kwenye kupanda mlima Kitonga jua likiwa kali, inakataa kuwaka kwa dakika ishirini au thelathini, kisha inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mfululizo huo wa joto, kifo, kupoa na kufufuka unaelekeza kwenye sensa ya kranki au koili ya cheche, ambazo nyuzi zake nyembamba hutanuka zikipata moto na kuachana mahali palipo na ufa. Usizipime zikiwa baridi, kwa sababu zitasoma vizuri na kukudanganya. Pima ukinzani mara tu injini inapokufa, ikiwa bado ya moto, ulinganishe na kitabu cha pikipiki, kisha mimina maji kidogo ya baridi juu ya kifuniko cha sensa kutoka nje: injini ikiwaka mapema kuliko kawaida yake, umempata. Pampu ya mafuta na rilei navyo huweza kuugua joto, kwa hiyo sikiliza mngurumo wa pampu katika dakika hizohizo za kukataa.

Kompyuta ya injini inaweza kuwa imeandika kumbukumbu. Honda nyingi za injekta hutoa misimbo kwa kumulika taa ya injini, mmuliko mrefu ukihesabiwa kumi na mfupi moja. BMW husomwa kwa kifaa kama GS-911 kilichobuniwa Afrika Kusini. Zisome kumbukumbu hizo kwa tahadhari. Volti zikishuka sana, kompyuta hulalamikia sensa ambazo hazina kosa, na orodha ya misimbo mitano isiyohusiana kwa kawaida ni malalamiko ya betri moja au arthi moja mbovu. Andika misimbo, ifute, tengeneza umeme, kisha uone ni ipi inayorudi.

Kuufikia mji wa karibu

Koili za chaji zikifa jangwani kati ya Marsabit na Moyale, pikipiki haijafa bado. Ya injekta hutumia takribani ampea 8 hadi 10 kwa pampu, cheche, injekta na kompyuta, kwa hiyo betri ya ampea-saa 12 iliyojaa itakupa chini ya saa moja, kwani volti hushuka kabla ya akiba kuisha. Chomoa kila kilichoongezwa, toa fyuzi ya taa kubwa ikiwa ni mchana, epuka kuendesha polepole kiasi cha kuiwasha feni, na usizime injini mpaka ufike, kwa sababu stata hula akiba kubwa kwa mkupuo mmoja. Pikipiki ya kabureta isiyo na pampu ya umeme itakwenda mbali zaidi.

Ukiomba umeme wa gari ili kubusti, gari liwe limezimwa, na waya wa hasi uufunge kwenye chuma cha injini ya pikipiki mbali na betri. Kuisukuma iwake kunawezekana kwa gia ya pili au ya tatu kama betri ina umeme wa kutosha kuamsha pampu na kompyuta. Betri ikiwa tupu kabisa, kuisukuma injekta ni kuchosha watu bure. Na baada ya koili au rektifaya mpya kufungwa, ijaze betri kwa chaja ya ukutani kabla ya kuondoka, kwa sababu betri tupu hudai mkondo mkubwa mfululizo, na kifaa kipya kinaweza kuungua kilometa za mwanzo kabisa. Kisha washa injini, panda hadi mizunguko 5,000, na uandike volti ulizosoma kwenye betri, zile tatu za koili, na kiasi kinachopotea kati ya rektifaya na betri, ndani ya kifuniko cha pembeni kwa kalamu isiyofutika; siku injini itakapokata tena, utakuwa na namba za kulinganisha.